Gari Lililotusemea

Gari langu la kwanza lilikuwa na mikono. Sisemi kwa mafumbo. Kwenye nguzo iliyotenganisha mlango wa mbele na wa nyuma, kila upande, kulikuwa na mwanya mwembamba, na ndani ya mwanya huo ulilala mkono wa bati wenye kioo cha rangi ya chungwa. Ukitaka kukata kona kushoto, ulizungusha swichi iliyokuwa katikati ya usukani, na mkono wa kushoto ukatoka wenyewe, ukanyooka nje kama wa mtoto anayeomba ruhusa darasani. Balbu ndogo ikawaka ndani yake. Ukimaliza kona ulirudisha swichi, mkono ukalala tena. Hizo ndizo zilikuwa indiketa zetu. Wajukuu wangu wakisikia habari hiyo hutazamana, halafu mmoja huniuliza kama nimekunywa dawa.

Watoto wa kwetu Gachoka waliupenda mkono huo kuliko walivyonipenda mimi. Walipoona vumbi langu linakuja walijipanga kando ya barabara na kuinua mikono yao, na mimi, kijana mwenye kazi ya ukarani Embu na kichwa kikubwa, nikawainulia wa gari. Siku moja niliuinua nikiwa naenda moja kwa moja, dereva wa lori nyuma yangu akaamini nakata kona, akanipita kwa upande niliokuwa sijamtarajia, na tukaponea chupuchupu. Alisimama akanitukana mpaka akanifikisha kwa nyanya yangu. Nilistahili. Nilikuwa nacheza na kitu ambacho wenzangu walikitegemea ili wafike nyumbani.

Gari lenyewe nililinunua kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao miaka michache baada ya uhuru. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, kama benchi la kanisa. Taa kubwa uliziinua na kuzishusha kwa kidude cha kukanyaga kilichokuwa sakafuni, kushoto kwa klachi, kwa hiyo usiku mguu mmoja ulikuwa na kazi mbili. Kulikuwa na choki ya kuvuta kwa kidole ili injini ipate petroli nyingi asubuhi ya baridi, na usiporudisha upesi injini ilijaa petroli ikazimika kwa hasira. Na betri ikifa hukuhitaji fundi. Ulitoa kwenye buti chuma kilichopindwa mara mbili, hendeli, ukakipenyeza kwenye tundu chini ya rejeta mpaka kikauma injini, ukainama, ukazungusha. Mtu wa pili alikaa ndani akiangalia choki. Ndiyo maana husema kwamba gari lile halikuwa la mtu mmoja. Lilitaka watu wawili, na wawili hao ni lazima wasikilizane.

Baadaye nililiuza kwa mtu wa vyuma chakavu, nikachukua jipya lisilohitaji msaada wa mtu yeyote. Nililiuza kwa furaha. Sasa nalikumbuka kwa uchungu kidogo na kicheko kingi, hasa kwa sababu ya safari moja kutoka Laare hadi Embu, mimi na mamake mke wangu.

Mke wangu alikuwa mwalimu Embu, lakini kwao ni Laare, kwenye vilima vya Nyambene, ambako wazee walitazama mashamba yao ya miraa kama sisi tunavyotazama ng'ombe. Mimi ni mtu wa Mbeere, nchi ya joto na mbuzi. Mamake hakuipenda nchi yetu. Alikuwa ameambia watu kwamba binti yake ameolewa mahali ambapo mtu hutoka jasho hata akiwa amekufa. Maneno hayo yalinifikia, na mimi nikayaweka moyoni. Tangu harusi hakuwa amenena nami hata neno moja, nami nikaamini ananidharau.

Hapo niseme kosa langu, kwa kuwa shule ilikuwa imenifanya mjinga wa mambo ya nyumbani. Kwetu Mbeere na kwao Meru, mwanamume na mamake mke wake hawachezi. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Neno likiwa la lazima hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wawili hao wamesimama hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine. Hiyo ndiyo heshima ya uthoni, ya mtu na mkwe wake. Nilikuwa nimeijua tangu utotoni, lakini yake kwangu niliihesabu kuwa chuki, na yangu kwake nikaihesabu kuwa adabu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika hospitali ya Embu, msichana. Nilipokwenda kumwona mke wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyemaliza vita, akaniambia nimletee mama yake. Nikasema nitapeleka ujumbe. Akasema hataki ujumbe, anataka mama.

Nilielewa haraka yake. Baada ya siku mbili angetolewa hospitalini na kupelekwa kwetu Gachoka, na mama mkwe asingeweza kukanyaga boma letu kabla ukoo wetu haujamkaribisha kwa sherehe, ambayo wazee walikuwa wameiweka baada ya mavuno. Mtoto angekuwa amekwisha kuota meno. Hospitali, kwa upande wake, ilikuwa ya serikali. Haikuwa boma la mtu. Pale mama angeweza kumshika mjukuu wake bila kuvunja kitu, mradi afike kabla kengele ya kuwatoa wageni haijalia saa kumi na moja jioni ya kesho.

Nilipanda Laare mchana huohuo, nikafika jua likizama. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alibeba ujumbe wangu hadi jikoni kwa mama yake na kurudi na jibu: atakuja. Shemeji angesafiri nasi ili awe mdomo wetu. Nilifurahi sana, na nikifurahi huwa sina akili. Majirani walikuja kulitazama gari, nami nikawaonyesha jinsi taa zinavyoinuka na kushuka kwa mguu. Wakataka tena. Nikawaonyesha tena. Kufikia wakati wa chakula nilikuwa nimeimaliza betri.

Asubuhi tuliliwasha kwa hendeli, shemeji akiwa kwenye choki. Mama mkwe alitoka na kibuyu cha uji wa wimbi, kile kinachopelekwa kwa mzazi ili apate maziwa, na kiondo kilichojaa ndizi na viazi vikuu. Aliketi nyuma, upande wa kushoto. Mimi nikakigeuza kioo cha ndani kitazame paa, nisije nikakutana na macho yake. Kwa hiyo niliendesha bila kuona nyuma, na niliona ni heshima.

Tulifika Meru mjini, nikamwacha shemeji dukani alikofanya kazi ili aombe ruhusa, injini ikinguruma kwa sababu sikuthubutu kuizima. Alirudi mikono kichwani. Tajiri wake alikuwa amekataa. Mwenzake alikuwa mgonjwa na duka halikuwa na mtu. Akainama dirishani kwa mama yake, akamwuliza kama angependa kushuka wasubiri siku nyingine. Mama akamjibu kwa utulivu kwamba amekwisha kufunga kibuyu.

Shemeji akaja upande wangu.

"Sasa mtanyamaza mpaka Embu, shemeji? Hata gari litaogopa."

"Kuna njia gani nyingine?"

"Hakuna," alisema, akacheka, akapiga boneti kama mtu anayemfukuza ng'ombe zizini. "Nendeni."

Barabara ya zamani kutoka Meru hadi Embu haikuwa hii ya lami inayoteleza kama mkeka. Ilikuwa ya udongo mwekundu, ikishuka kila bonde hadi mtoni na kupanda tena kwa mizunguko, kana kwamba aliyeichora alikuwa akitafuta kitu alichokipoteza. Tulikwenda kimya. Nilisikia uji ukicheza ndani ya kibuyu. Nilijaribu kukohoa mara moja, nikaona aibu, nikaacha.

Mbele ya Igoji daraja dogo lilikuwa likitengenezwa, na wafanyakazi wakatuonyesha njia ya kando, kushoto. Nilizungusha swichi. Nilisikia mlio mdogo wa chuma ndani ya nguzo, lakini mkono wa kushoto haukutoka. Ulikuwa na tabia hiyo ukila vumbi. Dawa yake ilikuwa kuipiga nguzo ngumi kutoka ndani, na nguzo hiyo ilikuwa karibu na bega la mama mkwe. Nyuma yetu kulikuwa na basi linalopiga honi. Nilizungusha swichi tena na tena.

Ndipo nikaisikia sauti yake. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Gari," alisema, "mwambie mwenyewe mkono wako umekwama."

Niliiachia swichi. Kisha nikaelewa. Hakuwa amesema nami. Alikuwa amesema na gari.

"Gari," nikasema nikiutazama usukani, "mwambie mama kuna nguzo hapo karibu naye. Apige ngumi."

Alipiga. Si ngumi ya mwanamke anayebisha hodi. Gari lote lilitikisika na mkono ukaruka nje, taa ikawaka, na basi likapunguza mwendo. Kuanzia hapo kila kona ya kushoto ilikuwa yake. Hakungoja aambiwe. Alisikia swichi ikilia, akapiga. Kimeru chake na Kimbeere changu vilielewana kama ndugu waliolelewa nyumba mbili, na gari likawa mkalimani wetu. Liliulizwa kama mwenyewe ana njaa. Liliulizwa mtoto ana uzito gani. Likaulizwa kama ni kweli kwamba huko Mbeere watu hulala nje kwa sababu ya joto.

"Gari, mwambie mama hulala ndani. Mbuzi ndio hulala nje."

"Mwambie nimesikia. Mbuzi wana akili."

Mvua ilitukuta tulipoanza kushuka kuelekea mto Nithi. Hapa inanipasa kueleza jambo moja kuhusu waipa za gari lile. Hazikuendeshwa na umeme. Kulikuwa na mpira mwembamba uliounganisha waipa na injini, na injini ndiyo iliyozivuta kwa pumzi yake. Ukiinua mguu kwenye mafuta, kama wakati wa kushuka, pumzi ilikuwa nyingi na waipa zilichapa kioo kama mtu anayefukuza nyuki. Ukikanyaga mafuta ili upande mlima, pumzi yote iliishia kwenye kazi hiyo na waipa zikasimama. Kwa kifupi, mlimani wakati wa mvua ulichagua: upande, au uone.

Tukavuka mto. Tukaanza kupanda. Waipa zikaenda mara moja polepole, zikalala. Maji yalifunika kioo na barabara ikageuka kuwa rangi moja tu nyekundu. Niliinua mguu, waipa zikapiga mara mbili, nikaona ukingo, nikakanyaga, nikapofuka tena. Tulikwenda hivyo kwa kuruka na kusita kama chura.

"Gari, muulize mwenyewe kama anaona njia."

Nilitaka kudanganya. Ujana hutaka hivyo. Lakini bonde lilikuwa upande wake.

"Gari, mwambie mama sioni."

"Basi mwambie asimame kabla hajatupeleka kunywa maji ya mto."

Nilisimama, nikavuta breki ya mkono, na injini, kwa kuchoka, ikazimika. Mvua ikasikika yote. Betri haikuwa na kitu. Jua halikuonekana, lakini nilijua muda unakwenda, na Embu bado ilikuwa mbali. Mpita njia hakuwepo. Tulikuwa wawili, na gari lilihitaji wawili: mmoja mbele na hendeli, mwingine ndani kwenye choki. Na baada ya hapo lingehitaji wawili tena, kwa sababu juu ya kioo cha mbele, ndani, upande wa abiria, kulikuwa na kijiti cha chuma ambacho mtu angeweza kukisukuma huku na huku kwa mkono ili waipa zifanye kazi bila pumzi ya injini. Waliotengeneza gari lile walijua udhaifu wake, wakatuachia kijiti. Lakini kijiti kilikuwa mbele. Kwenye benchi moja na mimi.

Nikalieleza gari mambo hayo yote, polepole, nikitazama magoti yangu. Nilieleza hendeli, nikaeleza choki, nikaeleza kijiti. Nilipomaliza nilijuta. Nilifikiri nimemtukana. Nilikwisha kuanza kuliambia gari kwamba nisamehewe, tungoje mvua iishe, kesho hatuijui.

"Gari," alinikatiza, "mwambie afumbe macho."

Nilifumba. Nilisikia mlango wa nyuma, kisha wa mbele. Benchi likashuka upande mmoja. Kitu kizito kikawekwa katikati yetu, kisha kingine: kibuyu na kiondo, ukuta wake.

"Mwambie afumbue. Na asigeuze shingo."

Nikatoka na kwenda mbele ya gari nikiwa nimeinamisha uso. Lakini hendeli haina njia ya heshima. Ilinibidi niiname mbele ya rejeta, kichwa kikipanda na kushuka mbele ya kioo, mbele ya mama mkwe, kama mtu anayesalimu bila kikomo. Mara ya kwanza injini ilikohoa ikanyamaza. Mara ya pili ilirudi nyuma na kunipiga mkono, kwa kuwa kwa kiherehere nilikuwa nimekizungusha kidole gumba juu ya chuma, kosa ambalo kila mwenye hendeli hufundishwa asilifanye. Niliruka kwa mguu mmoja ndani ya matope nikiushika mkono.

Ndipo nilipomsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kile kinachomshinda mtu. Kilipenya kioo na mvua. Nami, nikiwa nimelowa mpaka kwenye mifupa, nikacheka pia, nikilitazama tairi.

Mara ya tatu injini ilishika. Kabla sijamwambia mtu chochote choki ilirudishwa, mahali pake hasa, na injini ikatulia ikinguruma vizuri. Alikuwa ameisikiliza tangu Laare.

Tulipanda. Mimi nilikanyaga mafuta bila kuyaachia, naye akasukuma kijiti huku na huku, na kwenye kioo likafunguka dirisha la barabara, likafungwa, likafunguka. Alishika mwendo kama mtu anayetwanga. Mlima ulipozidi, naye aliongeza. Sikugeuza shingo hata mara moja, ila nilikiona kiwiko chake kikienda na kurudi pembeni mwa jicho langu, na hilo sikuweza kulizuia.

"Gari," alisema tulipofika juu, akihema, "mwambie kwetu mgeni hupewa kiti. Hapewi kazi."

"Mwambie mama kwamba gari la watu wa Mbeere halina mgeni."

"Nimeona. Na mvua halijawahi kuiona."

Chuka ikapita, kisha mto Thuci na mlima wake. Tulipofika pale mvua ilikuwa imepungua, lakini hakurudi nyuma, na hakuna aliyeliambia gari juu ya jambo hilo. Kibuyu kilikaa katikati yetu kwa adabu. Niliendesha kwa kasi ambayo leo ningempokonya mjukuu ufunguo kwa ajili yake.

Tuliingia hospitalini mlinzi akiwa amekwisha kushika kamba ya kengele. Mama mkwe alishuka kabla sijasimama vizuri. Alipita mbele ya mlinzi na kibuyu chake kifuani, na sidhani kuna mlinzi aliyezaliwa ambaye angemzuia. Mimi sikumfuata. Haikufaa niingie chumba ambamo mama na binti wanakutana. Nilizunguka nje, nikipita kwenye majani yenye maji, nikasimama karibu na dirisha la wadi nikiwa nimeligeuzia mgongo.

Nilisikia mke wangu akilia, halafu akicheka, halafu vyote viwili kwa pamoja. Nilisikia kibuyu kikifunguliwa na uji ukimiminwa. Nilisikia mama akisimulia, na katika kusimulia kwake nilijikuta nikiruka kwa mguu mmoja kwenye matope zaidi ya nilivyoruka. Wanawake wa vitanda vya jirani walicheka nao. Nilisimama pale nikijua kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nimembebea mtu huyu kinyongo ambacho hakikuwa na mzigo wowote ndani. Alikuwa ananiheshimu. Ni mimi niliyeisoma vibaya heshima yake.

Kengele ikalia. Kisha dirisha likafunguliwa nyuma yangu, na sauti ile nzito ikasema, bila kumpitia mtu wala kitu:

"Mkwe. Geuka umshike mtoto wako."

Niligeuka huku nikitazama chini. Mikono miwili ilikuwa imetoka dirishani, na juu yake kifurushi cha blanketi chenye uso mdogo uliokunjamana. Nilikuwa sijamshika bado; nilikuwa nimemwogopa. Nikanyoosha mikono, nikampokea kama mtu anayepokea kikapu cha mayai, huku kichwa chake kikining'inia.

"Si hivyo," akasema mama mkwe. "Shikilia kichwa. Wewe uliyesoma, shikilia kichwa."

Nikakishikilia kichwa.